Pua ya Kapteni

Jumatatu, 2 Novemba

Nesi ametugawia madaftari. Kila mfanyakazi lake, jalada la kijani. Kila siku tuandike mambo matatu: afya ikoje, kama tunanusa na kuonja, na tulikaa na nani zaidi ya robo saa. Ijumaa anakusanya, anasoma, anarudisha. Nikamuuliza kama makosa ya maandishi yanakatwa alama, maana mimi na shule tuliachana darasa la saba kwa makubaliano ya pande zote mbili. Akasema yeye anataka ukweli, herufi atazitafuta mwenyewe.

Basi mbele nitamwandikia Nesi mistari yake mitatu. Nyuma, daftari likigeuzwa juu chini, najiandikia mimi. Kurasa za nyuma nimezibana kwa kibanio. Nesi ni mtu wa heshima, hafungui kilichofungwa.

Anayesoma haya ajue anasoma maneno ya nani. Mimi ndiye Kapteni. Nimekuwa utingo wa lori, mpishi wa meli, mpiga tarumbeta wa sarakasi. Nimesafiri kuliko barua. Lakini chombo nilichodumu nacho ni Radi, treni ya bustani hii ya burudani, treni isiyokwenda popote: inapanda mpaka juu ya miti, inaporomoka, inajikunja mara mbili, inarudi pale pale ilipotoka, na watu wanashuka wamesahau majina yao. Miaka kumi na moja nashika leva, ule mkono wa chuma unaoiondoa na kuisimamisha. Wengine wanaendesha kwa kutazama taa za mtambo. Mimi naendesha kwa pua. Breki ya Radi ikianza kuungua, taa inawaka baada ya dakika nne. Pua yangu inajua dakika ya kwanza.

Bustani ilifungwa miezi saba kwa sababu ya ugonjwa huu. Tumerudishwa kazini watu thelathini na wawili, kwa sharti kwamba kila mtu afunike mdomo na pua, mgeni na mwenyeji. Meneja ametuambia bila kuzungusha maneno: akipatikana mgonjwa mmoja kati yetu, geti linafungwa tena.

Jumatano, 4 Novemba

Mvua. Radi haijatoka. Nimekaa na shemeji Fundi chini ya bati, yeye upande ule, mimi upande huu.

Jumamosi, 7 Novemba

Leo nimejifunza kwamba binadamu ana njia mia za kuvaa barakoa na moja tu ndiyo sahihi. Kuna wa kidevuni. Kuna wa sikio moja, inaning'inia kama hereni. Kuna bwana mmoja mwenye suti aliyeipandisha kwenye paji la uso, akaniambia yuko tayari kupanda. Nikamwambia, mheshimiwa, huko juu hakuna matundu, teremsha ghorofa mbili. Foleni nzima ikacheka, naye akacheka, akavaa. Hiyo ndiyo kazi: ukimchekesha mtu, anatii bila kuona aibu.

Tatizo ni mporomoko. Kule kuna kamera inayopiga picha za kuuza, na kila mtu anataka meno yake yaonekane. Treni ikianza kushuka wanavuta barakoa chini, upepo unazichukua. Jioni shemeji anapita chini ya reli na fimbo yenye msumari anaziokota moja moja. Leo amepata arobaini na moja. Akasema amepata mavuno mazuri, tatizo hayaliki.

Huyu shemeji ndiye fundi wa Radi na ndiye mume wa dada yangu. Dada ndiye aliyenilea mama alipofariki, kwa hiyo ukimgusa mumewe umegusa paa la nyumba yangu. Fundi amevuta moshi wa kuchomelea vyuma miaka thelathini, na kifua chake sasa kinapiga filimbi akipanda ngazi. Nesi amempa amri ya maandishi: afanye kazi nje kwenye upepo tu, asikanyage ndani ya kibanda cha mitambo. Kibanda hicho ni changu. Kina dirisha moja, na halifunguki.

Jumanne, 10 Novemba

Nesi amenikamata. Alipita nyuma ya kibanda akanikuta nimefunika mdomo vizuri kabisa na pua iko nje.

Barakoa yangu ameshona Dada. Ametushonea sote, kitambaa tabaka tatu, na juu ameingiza waya wa kubana pua. Wangu niliuchomoa siku ya pili. Nikamweleza Nesi kama mtu mzima anavyomweleza mtu mzima: wewe una kipimajoto chako, mimi changu kiko katikati ya uso. Ukiniziba pua umeiziba Radi.

Akasema, "Kapteni, asubuhi nzima unawaambia wageni kwamba pua ni sehemu ya uso."

Nikasema wageni hawaendeshi treni.

"Virusi havijui nani dereva nani abiria."

Kisha akaniambia kuna vipimajoto vya kufunga kwenye breki, vya bei ya kawaida, ataandika barua kwa Meneja. Nikacheka mpaka miwani ikaingia ukungu. Mtoto wa mama yangu hanunuliwi pua dukani.

Alhamisi, 12 Novemba

Mvua mpaka saa nane. Treni tano tu. Nesi amepita mara tatu. Mara zote tatu pua ilikuwa ndani.

Jumapili, 15 Novemba

Andika kwa wino mzito, Kapteni.

Saa tisa, foleni imefika mpaka kwenye bembea za watoto. Treni ya kumi na nane inarudi, na mimi nanusa. Si ule mnuko wa kawaida wa chuma na grisi. Ni kama mtu amechoma soli ya kiatu mbali. Taa za mtambo zote kijani. Nikavuta leva, nikafunga geti, nikamwita shemeji kwa filimbi. Meneja akaja mbio ananiuliza kwa nini nimesimamisha watu mia mbili wakati taa ni za kijani. Nikamwambia aziulize hizo taa.

Shemeji aliingia chini ya reli, akatoka na kipande cha breki kilichopasuka katikati, cheusi, bado kinafuka. Alikiinua tu, Meneja akione. Treni moja au mbili zaidi, na Radi ingefika kituoni bila kusimama, na mbele ya kituo pale kuna ukuta.

Meneja amenipa mkono, halafu akakumbuka, akanipa kiwiko. Ameniruhusu mbele ya watu wote niwe na pua nje nikiwa kibandani peke yangu. Nesi alikuwepo. Alitazama kile kipande cha breki muda mrefu, kisha akasema barua ya vipimajoto ameshaipeleka hata hivyo.

Jioni nimetembea mpaka nyumbani nikiwa na urefu wa futi saba.

Jumatano, 18 Novemba

Kichwa kizito kidogo. Ni hali ya hewa.

Ijumaa, 20 Novemba

Bwana harusi na bibi harusi walikuja kupanda na nguo zao. Walibisha hodi kibandani, wakaingia kupiga picha na Kapteni, wakavua barakoa dakika moja tu. Hiyo ilikuwa Jumamosi iliyopita. Kwa nini naiandika leo sijui. Kichwa kimepona.

Jumamosi, 21 Novemba

Asubuhi nilifungua kopo la grisi kama kila siku. Nilipofungua nikadhani ni kopo tupu. Nikaingiza kidole, kikatoka cheusi. Nikakileta puani. Hakuna kitu.

Nikaenda jikoni kwa wapishi nikaomba kitunguu, nikasema ni dawa ya sauti. Nimekitafuna kibichi kama tufaha. Macho yalitoka machozi, mdomo ulijua kuna kitu kina maji na kinakatika. Zaidi ya hapo, sifuri.

Nikarudi kibandani, nikakaa. Nje watu walikuwa wamejipanga kwenye alama zao za manjano. Nilijua maana yake. Nesi ametuimbia wiki tatu: asiyenusa aseme siku hiyo hiyo. Nikisema, geti linafungwa. Watu thelathini na wawili wanarudi nyumbani kutazama kuta, siku kumi kabla ya likizo za shule. Na mimi, baada ya Jumapili ile, naonekana nani? Pua iliyookoa mia mbili, imekufa kwa wiki moja.

Mbele ya daftari nimeandika: Mzima. Nanusa. Nilikaa peke yangu.

Treni ishirini na tatu zimetoka leo. Kila moja iliporudi nilishika leva kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe gizani. Taa kijani. Taa zilikuwa kijani na Jumapili ile pia.

Jumapili, 22 Novemba

Sikulala vizuri. Saa tatu asubuhi nilikuwa na mpango, na nilijiona nina akili.

Nikamwita shemeji. Nikamwambia breki mpya zina harufu ngeni, pua yangu bado haijazizoea, nataka pua ya pili. Akae nami kibandani leo, treni ikirudi aniambie anasikia nini. Akatazama kizingiti.

"Nesi amenikataza humo ndani."

"Ni kwa ajili ya abiria, shemeji. Leo watakuwa wengi."

Akaingia. Kwa ajili ya abiria huyu mtu angeingia ndani ya boila inayochemka. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, goti lake limegusa langu, kwa sababu kibanda kile kilijengwa kwa mtu mmoja na leva. Treni ya kwanza ikarudi. Nikamuuliza unasikia nini. Akasema kitambaa kinamzuia.

Nilimwambia aiteremshe. Maneno haya nayaandika kama yalivyotoka: "Iteremshe kidogo tu, sekunde mbili, tupo wenyewe."

Akaiteremsha. Akavuta pumzi ndefu, ile filimbi ikalia kifuani, akasema harufu ni ya kawaida. Mimi nilikuwa nimefunika mdomo na pua, mara ya kwanza tangu tufungue bila Nesi kunitazama. Nikajiambia hiyo inatosha.

Treni thelathini na moja. Mara thelathini na moja.

Jumanne, 24 Novemba

Fundi kibandani, treni kumi na nne. Mbele nimeandika: Nilikaa peke yangu.

Jumatano, 25 Novemba

Fundi kibandani, treni kumi na mbili. Alinihadithia jinsi dada yangu alivyomkataa mara mbili kabla ya kumkubali, kwa sababu alikuja kuposa na mikono ya grisi. Nimecheka. Mbele nimeandika yale yale.

Alhamisi, 26 Novemba

Mvua kubwa. Nashukuru mvua.

Ijumaa, 27 Novemba

Nesi amekusanya madaftari na kuyarudisha. Kwenye langu ameweka alama ya vyema kwa kalamu nyekundu. Shule nzima sikuwahi kupata alama hiyo.

Shemeji amekohoa mara mbili chini ya reli. Nikamwambia ni vumbi. Mvua imenyesha jana kutwa, vumbi litoke wapi.

Jumamosi, 28 Novemba

Saa moja na nusu Dada alipiga simu. Shemeji ana homa tangu usiku na hawezi kumaliza sentensi. Anauliza kama kuna mtu kazini anayeumwa, maana mumewe yuko nje kwenye upepo kutwa nzima, hakai na mtu.

Nikasema sijui.

Nikaenda kazini. Nikavaa kofia ya ukapteni. Nikafungua kibanda, ndoo ilikuwa pale pale imepinduliwa, na juu yake kitambaa cha kufutia mikono cha shemeji. Nikapakia treni ya kwanza, watu ishirini na wanne, mama mmoja na binti zake watatu kiti cha mbele, wamevaa barakoa za rangi moja. Wote wananitazama, wanangoja yule Kapteni awachekeshe. Nikashika leva.

Haikusogea. Mtambo ulikuwa mzima, mkono ndio uliokataa.

Nikafungua vizuizi vya vifua vyao, nikawaomba washuke. Wakauliza Radi imeharibika? Nikasema aliyeharibika ni dereva. Walicheka, wakidhani ndiyo mzaha wenyewe. Nikachomoa ufunguo wa mtambo, nikaenda moja kwa moja kwenye hema la Nesi, nikasimama nje umbali wa hatua sita. Nikaliweka daftari chini, nikaondoa kibanio.

"Anzia nyuma," nikamwambia.

Alisoma akiwa amesimama. Alipofika Jumapili ya tarehe ishirini na mbili akakaa. Nilingoja anitukane; nilikuwa nimejiandaa, na ningeshukuru. Aliuliza swali moja tu: Fundi yuko wapi sasa hivi. Nikamwambia. Akachukua simu, akaita gari la wagonjwa, akataja mtaa wa dada yangu bila kuniuliza.

Saa nne geti lilifungwa.

Jumatatu, 30 Novemba

Nimefungiwa chumbani kwangu siku kumi na nne, tangu Jumamosi. Majibu ya kipimo changu: ugonjwa ninao. Nesi amenirudishia daftari kupitia chini ya mlango, ndani ya mfuko. Amelipulizia dawa. Wanaopita mlangoni wanasema linanuka sana.

Nimempigia Dada nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Uliniambia hujui," akakata.

Jumatano, 2 Desemba

Shemeji amewekewa hewa ya mtungi.

Alhamisi, 3 Desemba

Bado mtungi.

Ijumaa, 4 Desemba

Bado. Wenzangu wamepimwa. Mpishi mmoja anao, hana dalili. Wengine salama. Mtu wa bembea amenitumia ujumbe mrefu. Ameandika mambo ambayo nisingemnyima ruhusa ya kuyaandika. Nesi anasema haiwezekani kujua kwa hakika nani alimwambukiza nani. Anasema hivyo kwa upole. Mimi nimekaa goti kwa goti na mtu siku tatu, sihitaji maabara.

Jumapili, 6 Desemba

Leo, geti lingekuwa wazi, ingekuwa siku ya treni thelathini. Nimekaa kitandani nikizipakia kichwani moja moja. Zote zimerudi.

Jumanne, 8 Desemba

Saa kumi alasiri simu imelia, namba ya hospitali. Nilisimama kabla ya kupokea, sijui kwa nini, kama vile mtu anaweza kuona.

Ilikuwa sauti yake, au iliyobaki ya sauti yake. Anazungumza maneno matatu, anapumzika, anazungumza mawili. Hakunisalimia. Aliuliza, "Breki zinanukaje?"

Hajui. Dada hakumwambia, alimwachia kazi hiyo mwenye kazi.

Nikamwambia, "Sisikii kitu, shemeji. Tangu tarehe ishirini na moja. Nilikuita kwa sababu hiyo."

Nilisikia mtungi unavuma. Nikahesabu pumzi zake, nikafika tisa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema niifunge."

"Ningesema uifunge," akasema.

Kisha pumzi nyingine, nyingi. Sikuomba msamaha wakati ule; neno lilikuwa dogo mno, ningeona aibu kumpa. Nilidhani atakata. Badala yake akasema kile kipimajoto cha Nesi, wakikileta, kifungwe gurudumu la tatu, si la pili. La pili linapata upepo, litadanganya. Niandike. Nikamwambia naandika. Akanifanya nirudie, la tatu, mpaka akaridhika. Ndipo nesi wa kule akamnyang'anya simu.

La tatu. Nimeandika.

Jumamosi, 12 Desemba

Nimetoka. Nimefika mpaka barabarani kwa dada. Alikuwa uani anaanika mashuka. Ameniona, ameingia ndani. Nimekaa ng'ambo mpaka mashuka yakakauka, nikarudi.

Alhamisi, 17 Desemba

Shemeji ameondolewa mtungi. Yuko nyumbani. Hatapanda ngazi tena, daktari amesema wazi. Anatoka kitandani mpaka dirishani, anapumzika, anarudi.

Meneja aliniita. Nilikwenda na kofia mkononi, tayari kuiacha mezani. Akasema angenifukuza, ila Nesi ameandika barua nyingine. Sikuonyeshwa ilisemaje. Nitarudi kwa masharti: kipimajoto kwenye breki, tundu la dirisha kwenye kibanda, na kila asubuhi nipite hemani kwanza. Nikasema ongeza na lingine: kifungwe gurudumu la tatu. Akauliza nani kasema. Nikasema fundi.

Jumapili, 20 Desemba

Tumefungua. Wenzangu wananisalimia kwa kichwa. Mtu wa bembea hata kwa kichwa hanisalimii.

Kipimajoto kina namba za kijani, ndogo, zinapanda na kushuka. Nakitazama kama nilivyokuwa nikimtazama mwalimu wa hesabu. Saa nane kilipanda kuliko kawaida, nikasimamisha Radi dakika kumi ipoe. Hakuna aliyenipongeza. Ndivyo inavyotakiwa.

Mgeni mmoja, kijana wa kifua kipana, pua yake nje imetulia kama imekuja kustarehe. Akasema, Kapteni, na kitu hiki mtu hapumui. Zamani ningekuwa na mizaha kumi ya kuchagua. Leo nilifungua mdomo, sikukuta hata mmoja. Nikamwambia, "Nina shemeji." Alinitazama, akaipandisha, akakaa kiti chake.

Jumamosi, 2 Januari

Mlinzi wa geti ameniletea bahasha ya kaki. Amesema kaleta mama mmoja, hakuacha jina, hakutaka kungoja.

Ndani kuna barakoa. Hakuna barua. Nimeigeuza huku na huku kutafuta hata neno moja. Kitambaa kile kile, tabaka tatu, mshono ule ule wa mkono wa Dada. Nikapapasa juu, mahali pa pua. Nyaya ni mbili. Na amezishonea ndani kwa uzi wa viatu, mara nne nne kila upande, hata kwa koleo hazitoki.

Nimekunja wa kwanza, kisha wa pili. Zinauma. Miwani imeingia ukungu, nimefuta, imeingia tena. Treni ya saa nne imejaa.

Afya: mzima. Kunusa: bado. Nilikaa na: hakuna mtu, dirisha wazi.